Jina la Tatu

Kazi ya mapokezi katika ile maabara ya Nakuru niliipenda kwa sababu za kipuuzi: koti jeupe, chai ya maziwa saa nne, na wazazi wangu kupimwa damu bure. Kampuni haikuwa ndogo wala kubwa. Tulikuwa wengi kiasi cha kuwa na masharti, na wachache kiasi cha kujua nani amekosana na nani.

Mambo mawili yalinikera. Watu waliniita daktari, ilhali nilikatazwa kumsomea mgonjwa ripoti yake. Halafu fomu ilidai majina matatu, la tatu likiwa la baba. Hilo la pili halikunikera hadi uchaguzi wa 2007 ulipoleta fujo. Januari watu walifika kaunta, wakataja la ubatizo, wakanyamaza. La tatu lingetaja kabila.

Mama mmoja wa Rongai, aliyelala hemani tangu nyumba yake ichomwe, alileta barua ya daktari na kichupa. Alikuwa na uvimbe titini, na kipande kilichokatwa kilikuwa kitumwe Nairobi kupimwa kansa. Nikamwomba jina la baba. Akageuka, akawatazama watu waliokaa kwenye benchi.

“Weka ya baba yako, daktari,” akasema kwa sauti ya chini. “Hii yangu ndiyo ilinitoa kwangu.”

Nilijua ni kosa, na nikaliandika hata hivyo.

Ripoti ilirudi baada ya wiki tatu. Msimamizi wetu, mzee wa Kihindi asiyecheka ovyo, aliliona lile jina akadhani mgonjwa ni dada yangu. Akafunga mlango, akanivutia kiti.

“Sio kansa,” akasema. “Msomee wewe mwenyewe.”

Nililia mbele yake kama mtoto, na sikumwambia ukweli hadi nilipomaliza. Alinifokea, na nilistahili. Hakuna daktari ambaye angeikubali ripoti yenye jina la mtu mwingine. Mwishowe akaniambia nimwite yule mama, jina lirekebishwe, na ruhusa ya kumsomea ibaki palepale.

Yule mama alikuja kesho yake asubuhi. Nilipomwambia si kansa, alishika kaunta kwa mikono yote miwili. Kisha nikamweleza kwamba sasa nahitaji jina lake mwenyewe. Benchi lilikuwa limejaa. Nikamsogezea karatasi ili aandike tu, asiseme.

Akairudisha. Akalitaja jina la baba yake kwa sauti ya kawaida, kila mtu akalisikia. Lilikuwa la kabila la watu waliofukuzwa mtaani kwetu, siku ambayo mimi nilijifungia ndani nikawasikia wakipita na watoto wao. Niliona aibu ambayo bado ninayo.

Nilijua linavyoandikwa. Nikamwomba anitajie herufi moja moja hata hivyo, ili lichukue muda wake pale mapokezi. Akanitajia bila haraka, macho kwenye kalamu yangu, nami nikaandika.