Raba Nyeusi za Langoni

Mama mlinzi wa lango letu hapa Muthangari huzipaka raba zake za kitambaa rangi nyeusi ya viatu, ili kwa mbali zionekane kama buti. Buti za kazi zilimchubua vidole. Raba nazo zina soli nyembamba, na kufikia saa nane kisigino humuuma hadi husimama kwa mguu mmoja. Magari yakipungua, huvua raba na kuviringisha chupa ya soda chini ya unyayo, polepole, kama anayesukuma chapati. Jana msimamizi wake alikuja kukagua, akainama, akacheka. "Mathe, hii ni raba umepaka rangi. Kesho nikikupata nayo, kazi imeisha." "Sawa, mkubwa," alijibu, akiwa amesimama wima.

Leo asubuhi nilimkuta amevaa buti. Ubavuni mwa buti, penye vidole, alikuwa ameikata ngozi na kuziba pengo kwa kitambaa cha zile raba, akakishona kwa uzi mnene na kukipaka rangi hadi kikang'aa. Msimamizi alimzunguka mara mbili, akaridhika, akaenda zake. "Mama Joyline," aliniambia akinifungulia lango, "kisigino kiko kwa buti, lakini vidole bado viko kwa raba."