Darubini niliyosaga kwa mkono ikampindulia mdogo wangu mwezi

Wakuu, salaam kutoka Palma. Waliokuwepo siku ile: mimi, wadogo zangu Amade na Zaina, shangazi Atija, na jirani yetu Saíde, fundi wa pikipiki. Nikitia chumvi, hao wapo wa kunisuta.

Mimi ndiye dada mkubwa. Wazazi walizama pamoja mtumbwi ulipopinduka, nikaacha shule sétima classe, darasa la saba kwa Kireno chetu, nilee wadogo.

Zaina tangu hapo hataki kutazama maji. Ukimpeleka ufukweni anafumba macho.

Nikasema basi, nimpe kitu kingine cha kutazama mbali. Juu.

Kutengeneza darubini ya kioo nilijifunza kwa video za telemóvel, simu yangu ya mkononi. Unachukua vioo viwili vinene vya duara, unavipandanisha, katikati unatia dawa ya kusagia valvu za injini (alinipa Saíde). Unaviweka juu ya pipa, unasaga huku ukilizunguka, mpaka kimoja kibonyee kidogo kama sahani.

Miezi, wakuu! Shangazi akipita ananiambia, "Mwanangu, kingekuwa muhogo hicho tungeshakula."

Kilipong'aa nikakifunga ndani ya bomba la maji taka. Jipya, msicheke. Dawa ya kukipaka fedha sikuwa nayo, ila kwa mwezi kioo kitupu kinatosha.

Siku ya mwezi kuandama, jua lilipozama tu, Zaina akawa wa kwanza. Huku kwetu mwezi mchanga hulala chali, ncha zake juu.

Akachungulia.

Halafu: "Dada, umepinduka."

Darubini za aina hii hugeuza picha juu chini. Mchana mimi na Saíde tuliona minazi imesimama kwa vichwa, tukacheka sana. Sikuwaza kwamba kwa Zaina mwezi ule ungekuwa mtumbwi.

Amade akainama aiondoe darubini. "Weka hapo," Zaina akamwambia. "Nani kakutuma?"

Akarudisha jicho. Akatazama muda mrefu, pumzi zinamtoka kwa kwikwi, lakini hakufumba.

"Unaweza kuugeuza ukae sawa?"

"Naweza."

"Lini?"

Nilichojifunza: ukimtengenezea mtu kitu, kichungulie kwanza kwa macho yake, si yako.

Sasa wenye ujuzi, shusheni maoni. Nasikia kuna lenzi ya kuongeza inayosimamisha picha. Inakaa wapi, na naweza kuitengeneza mwenyewe?

Maana mwezi umeshaandama tena, na Zaina ameshaniuliza. Bado nadaiwa.