Salamu za Mwisho za Mnarani

Kikohozi kimoja, kikavu, kilitoka kwenye bati la paa. Hicho ndicho ambacho Persis hakumwambia mtu. Maneno yaliyofuata aliyasimulia kanisani, kisimani, na kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, mpaka watu wakawa wanayamalizia kabla hajafika mwisho. Kikohozi alibaki nacho mwenyewe.

Nyumba yake iko chini ya mnara wa redio, kwenye kilima kilicho juu ya Magwagwa. Watu wanapaita Mnarani, na yeye wanamwita Mama Osoro, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kwa hiyo jina la Osoro linatajwa kila siku pale kilimani, ingawa mwenyewe aliondoka akiwa kijana na hakuonekana tena.

Mnara ule ulikuwa wa redio ya zamani, ya mawimbi marefu, yaliyovuka mashamba ya chai na migomba hadi kule ziwani. Mumewe Persis, Mose, ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Persis alipoletwa pale akiwa bi harusi, jioni ya kwanza alikimbilia uani akiwa na mwiko mkononi, kwa sababu paa la jikoni lilikuwa linazungumza kwa sauti ya mwanamume.

"Rudi, mke wangu," Mose alimwambia huku akishika mbavu kwa kicheko. "Ni taarifa ya habari tu. Na leo haina hata vita."

Alimweleza kwamba karibu na mnara nguvu ni nyingi mno, na pale bati linapogusa msumari wenye kutu, redio hupata mdomo. Persis hakuelewa, ila alizoea. Paa lilisoma habari. Waya wa kuanikia nguo uliimba nyimbo za kwaya. Sufuria iliyoegemezwa ukutani iliwahi kutoa bei ya mahindi, wakaibandika mekoni kabla haijamaliza.

Kilichowashinda kuzoea ni matangazo ya vifo. Kwa watu wa huko, habari ya msiba haitupwi ovyo. Mfiwa huketishwa kwanza, mtu wake akakaa ubavuni, ndipo akaambiwa. Lakini waya haukujua adabu hiyo. Kuna mwanamke aliyewahi kusikia kifo cha baba yake akiwa peke yake, ameshika shuka lenye maji. Tangu hapo wanawake wa Mnarani walijiwekea mwiko: saa ya matangazo ya vifo, hakuna anayeanua nguo. Hata mvua ikinyesha, ziliachwa zilowe. Mpaka leo, miaka mingi tangu mtambo wa redio uzimwe, ikikaribia magharibi nguo hubaki kwenye waya, na wanawake hukaa ndani wakisubiri kitu kipite.

Osoro aliacha shule akataka kwenda Tabaka kuchonga vinyago vya mawe ya sabuni. Mose alikataa. Walirushiana maneno mbele ya nyumba, na Mose akayamaliza kwa kusema, "Nenda. Na usirudi mpaka nikuite!"

Osoro akaenda. Mwanzoni walisikia kwamba anachonga vizuri, vifaru na twiga. Baadaye wakasikia amepanda lori la wafanyabiashara, anasindikiza makasha ya vinyago kwenda Mombasa. Kisha hawakusikia chochote.

"Una mnara unaofika ziwani," Persis alikuwa akimwambia mumewe, "na umeshindwa kumwita mwanao?"

Mose alikuwa na kifua kibovu, akabanwa akakohoa, akachukua tochi yake akaenda kuzunguka ua.

Ikafika siku ambayo mtambo ungezimwa kabisa, kwa kuwa watu walikuwa wamehamia redio nyingine. Jioni hiyo kulikuwa na kipindi cha mwisho cha salamu. Persis alikuwa jikoni peke yake, akisonga ugali. Paa likasalimia watu wa Keroka, wa Kericho, wa mashamba ya chai. Likanyamaza. Kikaja kikohozi, halafu sauti nzito, kana kwamba inatoka ndani ya mtungi:

"Mimi Osoro wa Mose, popote nilipo ni mzima. Salamu hizi zimfikie mama yangu Persis. Asilie."

Baada ya hapo bati halikusema tena. Mose alipofika nyumbani alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Umesikia redio?" akauliza.

Persis alimtazama. Kisha akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Usiku huo Mose alikula akamaliza sahani, jambo ambalo lilikuwa halijaonekana kwa wiki nzima.

Miaka ikapita. Mose akafa kwa kile kifua chake, akazikwa mbele ya nyumba. Mnara ukabaki umesimama na kutu yake, kamba zake za chuma zikilia upepo ukivuma. Watoto walidai kwamba wasoma taarifa waliokufa bado wako juu wanasoma. Persis hakuwakemea. Jioni nyingine, kabla ya mvua, bati lilitoa mlio mdogo, ta, ta, kama mtu anayetafuta neno la kuanzia, naye aliacha mwiko hewani mpaka mlio ukome.

Aliyeumia na kungoja huko ni Bosire, mwanawe wa pili, ambaye ana duka la vyuma na rangi pale Masimba. Kwa desturi yao mdogo hamruki mkubwa. Maadamu Osoro alihesabiwa hai, kiwanja cha kwanza chini ya nyumba ya mama kilikuwa chake, na Bosire hangeweza kujenga juu yake wala kupita mbele yake. Alikuwa ameota mvi akiishi kwenye nyumba ya kupanga. Njia ilikuwa moja. Mtu aliyepotea na mwili wake haupatikani, hukatiwa mgomba wa kimo chake, ukafunikwa nguo yake, ukazikwa kwa jina lake. Wazee walikuwa tayari. Kasisi alisema yeye hatahudhuria, ila hatagomba. Lakini udongo wa kwanza lazima umwagwe na mama, na mama alikataa.

"Alinisalimu mwenyewe," Persis alisema kila mara. "Nimzike mtu aliyenisalimu?"

Emily, mke wa Bosire, alikuwa na ulimi mwepesi na mkwewe alimpenda kwa hilo. "Mama, hata mtambo ulistaafu," alimwambia. "Wewe utastaafu lini kungoja?"

"Nitakapopewa kiinua mgongo," Persis akajibu, wakacheka wote wawili. Kisha Emily akageuka upande, akafuta macho kwa leso.

Mwaka huu mnara uliuzwa uwe chuma chakavu. Wakaja vijana wenye mitungi ya gesi ya kukatia, na pamoja nao mzee mmoja aliyevaa koti la mvua, Haron, ambaye zamani alikuwa fundi wa mtambo na rafiki wa Mose. Aliitwa aonyeshe ni kamba zipi zikatwe kwanza ili mnara uangukie kwenye malisho, usiangukie watu. Bosire alikuja pia, amtoe mama yake ndani.

"Mama, twende kwa Emily mpaka waangushe."

"Nitakaa hapa nje, karibu na baba yako. Hatujawahi kuukimbia mnara huu."

Akaweka kigoda kando ya kaburi la Mose, akaketi. Bosire akainua mikono, akaenda kubishana na vijana wa gesi kuhusu mahali mnara utakapofika.

Haron alikuja kumwamkia. Hakuketi mpaka alipoambiwa. Alizungumza kuhusu chai na mvua, akamsifia migomba yake, akaanza kuchora udongo kwa kijiti.

"Mama Osoro," akasema, "bati lako lile bado lipo?"

"Lipo. Limekuwa bubu."

"Nasikia umekataa mgomba kwa sababu ya zile salamu." Akavunja kijiti. "Kuna kitu nimekaa nacho. Ndani ya chumba cha mtambo kulikuwa na kipaza sauti cha dharura, cha kusemea hewani. Jioni ile ya mwisho, Mose aliniomba..."

"Haron."

"Niache nimalize, mama. Alikuwa ametoka Tabaka juma lile. Alikutana na watu waliosafiri na lile lori la Mombasa. Walichomwambia hakunieleza. Alilia tu, hapo kwenye ngazi ya mtambo. Halafu akaniomba—"

"Alikohoa," Persis akasema.

Haron akamtazama.

"Kabla ya kuanza, alikohoa. Nimelala ubavuni mwa kikohozi kile tangu nikiwa msichana. Ulidhani bati lingenidanganya?"

"Ulijua," Haron akasema.

"Nilijua kabla hajataja jina. Na nikajua na lile lingine pia. Kama mwanangu angekuwa hai, Mose angemwita. Kiburi kilikuwa kimemwisha, nilikiona kikimwisha. Mtu hajifanyi mwanawe isipokuwa mwanawe hayupo wa kuitwa."

"Basi kwa nini, mama? Bosire amezeeka akingoja kiwanja."

Persis aliweka kiganja kwenye udongo wa kaburi, kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Aliniuliza mlangoni kama nimesikia. Ungeuona uso wake! Nikapiga vigelegele, naye akala. Tangu siku hiyo mpaka anakufa tuliishi hivyo, yeye akinificha yake, mimi nikimficha yangu. Ilikuwa kazi nzuri, Haron. Aliniachia uongo mmoja tu maisha yetu yote, na aliutengeneza kwa ajili yangu. Ningemzika Osoro, ningekuwa nimesimama mbele ya watu wote nikamwambia Mose, wewe ni mwongo. Na yeye amelala hapa, anasikia."

Bondeni vijana walipiga mluzi. Bosire akakimbia kurudi, akasimama nyuma ya mama yake, mkono wake begani kwake. Kamba ya kwanza ilipokatwa ilipiga mlio mrefu uliopita juu ya nyumba, na bati la jikoni likaitikia, likatetemeka misumari yote. Ikakatwa ya pili. Mnara ukasimama kidogo kama uliosahau jambo, ukainama kuelekea malisho, polepole, kisha si polepole tena. Ardhi ilitikisika chini ya kigoda. Ng'ombe wakalia kila upande wa kilima.

Vumbi lilipotua, mahali pa mnara palikuwa na anga tu. Persis alilitazama kwa muda. Aligeukia jikoni, akatega sikio. Bati lilikuwa kimya, na ukimya wake haukuwa wa kutafuta neno.

"Bosire," akasema.

"Naam, mama."

"Kaka yako alikuwa mrefu kuliko wewe. Usije ukakata mgomba mfupi."

Bosire alitikisa kichwa kukubali, akashuka shambani bila panga, ikabidi arudi kulichukua.

Waliuzika mgomba jioni, upande wa kulia wa kaburi la Mose. Emily alileta shati la shule ambalo Persis alikuwa amelihifadhi kwenye sanduku, likafungwa kifuani pa mgomba. Mzee mmoja wa ukoo akataja jina la Osoro na majina ya waliomtangulia. Mbali kidogo, nguo za majirani zilikuwa bado kwenye waya, na kwa mara ya kwanza mwanamke mmoja akatoka akaanza kuzianua saa ile ile, bila kusikiliza.

Wakamwachia Persis nafasi. Aliteka udongo kwa mikono miwili, akaumwaga juu ya mgomba, ukadondoka juu ya shati. Watu walidhani atamwita mwanawe. Badala yake aligeukia kaburi la zamani, akainama mpaka leso yake ikagusa majani, na Haron peke yake, aliyekuwa karibu, ndiye aliyemsikia.

"Mose," alinong'ona, "salamu zilinifikia."