Siku Nilipopima Majani ya Muhogo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliaibishwa shambani hapa Kisangani mbele ya wanawake kumi, na nashukuru mpaka leo.

Nilikuwa msichana mwenye diploma mpya, buti mpya, na mdomo pia nilikuwa nao. Sisi wa ofisi ya kilimo tulikuwa tumepanda aina mbili za muhogo kwenye mashamba ya watu ili tuchague moja ya kugawa mkoa mzima. Nyingine ingeng'olewa. Mimi nilishika mizani: napima mizizi, naandika, majani natupa pembeni. Ile ya mizizi minene ilikuwa inashinda, ingawa majani yake yalikuwa machache, tena magumu.

Mwenye shamba, Mama Bolamba, alilea watoto sita kwa kuuza pondu, yaani hayo hayo majani ya muhogo tunayokula kila siku. Akanitazama weee, kisha akaniuliza:

"Mutoto yangu, mbona hauandike majani?"

"Mama, karatasi haina nafasi yake."

"Bon! Basi hiyo karatasi ilitengenezwa na mutu asiyekula pondu. Ile ya majani laini munaenda kuing'oa, alors mimi nitauza nini? Pima!"

Akabwaga kapu lake la majani juu ya mizani. Wanawake wakaangua kicheko. Loo, niliona haya! Hata mimi nililelewa kwa pondu.

Nikapima. Nikachora mstari kwa kalamu, nikaandika: majani. Kesho yake mkuu wangu alipoiona karatasi akafoka, "Donc, nani alikutuma?" Nikamjibu, "Wale watakaopanda, papa." Nikampeleka kwa Mama Bolamba, naye akampikia pondu ya aina zote mbili. Ile ya majani magumu alitafuna mpaka taya zikachoka. Ile ya majani laini aliomba aongezwe.

Tulishinda, mwanangu! Aina ya majani laini ndiyo iliyogawiwa. Leo inasafiri kwa mtumbwi hadi Opala, kwa pikipiki hadi Bafwasende, na nikiiona sokoni napiga vigelegele. Wauzaji wanadhani nimechanganyikiwa. Waache.

Sasa ninyi mna mashine, mna simu zinazotambua magonjwa ya mimea. Vizuri sana. Lakini vitu hivyo havijiongozi. Vinaelekea kule anakotazama yule anayepima. Ukishika mizani wewe, waulize kwanza wanaolima na wanaopika wanataka kipimwe nini, na karatasi ikikosa nafasi yao, chora. Usiogope kufokewa.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa cheo, na kila utakachopanda kikulishe wewe na jirani zako.