Niliruka line ya madaftari kliniki, Kampala

Wakuu, habari za huko mliko. Hii imenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi, kwa hiyo mkinicheka mnicheke taratibu.

Mimi ni Mkenya, nauza spea za pikipiki Bukoto. Hapa Kampala neno line lina kazi nyingi. Kuna line ya simu, line ya kuanikia nguo, line ya boda pale stage. Zote nilizijua. Ya kliniki ndiyo ilinitia adabu.

Wiki iliyopita binti yangu Wanza, miaka minne, aliamka na homa kali. Nikambeba hadi kliniki ya jirani. Nikakuta watu kama ishirini wamekaa ovyo, hakuna foleni. Nikasimama mlangoni kama askari.

Mama mmoja mwenye kichanga akanionea huruma.

"Ssebo," yaani bwana, "line ni ile," akaonyesha meza. "Weka kitabu yako juu, ngoja musawo." Musawo kwao ni daktari au nesi.

Mezani kulikuwa na rundo la madaftari ya shule. Huku daftari ndilo faili lako, daktari anaandika humo. Kila anayefika anaweka lake juu. Nesi akija anapindua rundo lote, aliyewahi anaitwa kwanza. Hakuna namba wala kusukumana. Kusema kweli niliupenda huo utaratibu.

Nikanunua daftari getini, nikaandika jina la Wanza, nikaliweka juu.

Mara Wanza akaanza kutapika. Watu wakaanza kuongea Luganda huku wanatutazama. Luganda yangu ni ya kuuzia plagi tu, nikajua wanatusema vibaya. Nilikuwa na hofu, na hasira pia.

Walipotulia, nikachomoa daftari letu nikalisukuma chini kabisa.

Nesi akaja, akapindua, akaita, "Wanza."

Nikainuka. Yule mama akasema polepole, "Ssebo, nimekuona. Mimi nilikuwa ya kwanza, na tulishakubaliana mtoto yako aingie mbele yangu. Sasa ulikuwa unaiba nini?"

Nikambeba Wanza. Nikaingia.

Ilikuwa malaria, na Wanza sasa yuko fiti. Nilichojifunza: usipoelewa watu wanasema nini, uliza, usijijazie mwenyewe.

Wakuu, nishaurini. Nilipotoka nilimpita yule mama nikiangalia sakafu, na asante sikumpa. Nikikutana naye sokoni nianzie wapi?