Siku Karani Alipotoa Povu Mbele ya Jumuiya

Kuna aibu huisha ukihama mtaa, ila yangu nilihama nayo, na kinachonichoma hadi leo ni kwamba mchuuzi wa sokoni aliyeniletea balaa hakuulizwa na mtu.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipofunguka, sisi tuliopanga foleni ya sabuni tukaanza kuona krimu za kila nchi, na mimi (nisiyevumilia hata mkunjo kwenye kitambaa cha meza) nikajifundisha mwenyewe kuchanganya mkorogo wa kung'arisha ngozi. Mchuuzi aliniapia, "Dada, hii hata mtoto mchanga unampaka!" Majirani wakiuliza mbona nang'aa, nasema ni baridi ya Songea.

Zamu ya sala ya jumuiya ikafika kwangu. Nikafagia uwanja, nikapanga mikeka, na asubuhi nikajiongezea mkorogo kidogo ili wageni wanikute nimetakata, nikajifunga kanga mpaka uingie, kisha nikaitupa kitandani. Hiyo kanga ndiyo Karani, paka wangu, aliyoichagua kulalia.

Tuko katikati ya rozari, Karani akatoka chumbani anayumba, manyoya yamegandamana, povu linamtoka mdomoni.

"Yesu na Maria, kichaa!" akapiga kelele Mama Komba, mwenye nyumba wangu, na mikeka yote ikabaki mitupu. Mzee Ngonyani, mwenyekiti wa jumuiya, akainua fimbo. "Kaa pembeni, binti. Huyu akimng'ata mtu tumekwisha."

Nikamrukia Karani, nikamkumbatia. "Msimpige! Hana kichaa, amejilamba mkorogo!"

Mzee Ngonyani akashusha fimbo.

"Mkorogo wa nani?" akauliza Mama Komba, kana kwamba uwanjani pale tulikuwa na watengenezaji wengi.

"Wangu."

"Kumbe baridi ya Songea inauzwa kwenye kopo!"

Wakacheka, watu waliokuwa wameshika rozari! Hakuna aliyeniletea hata maji. Nikamwosha Karani mwenyewe kwa sabuni ya kipande, ananiparura, nikamkimbiza kwa bwana mifugo, na kumbe nusu ya jumuiya inanifuata nyuma. Bwana mifugo akauliza amekula nini, nami ikabidi nitaje vyote nilivyochanganya, kimoja kimoja, huku wale dirishani wakirudia kama wanaitikia litania. Akamsafisha mdomo, akasema atapona, mradi asijilambe tena. Kisha akatazama mikono yangu. "Na wewe je, nani atakuosha?"

Karani akapona. Jioni nikamwaga makopo yote chooni, na nikiwa bado nimeshika la mwisho, Mama Komba akaja kwa mlango wa nyuma, kanga imefunika nusu ya uso.

"Mwanangu, hilo la buluu ulinunua kwa nani?"

Nikalitumbukiza akiliangalia, nikamwambia, "Muulize Karani."

Tangu hapo sijipaki kitu ambacho, paka akikilamba, itabidi nikitangaze mbele ya jumuiya.