Sekunde Nne za Mvulana wa Wamaza

Saa ya padri ilinipumbaza. Ilikuwa saa ya kupimia mbio, ya chuma, nzito mkononi, yenye kitufe cha kubonyeza juu. Kwa miaka mitatu ya kwanza niliyofundisha mazoezi ya mwili katika shule ya misheni pale Kasongo, padri mkuu ndiye aliyeishika siku ya mtihani. Kazi yangu ilikuwa kupuliza filimbi. Alisema wazi, mbele ya wanafunzi, kwamba walimu weusi huwahurumia watoto wa kwao na hawawezi kuaminiwa kushika saa. Mwaka wa nne akanikabidhi. Nilifurahi, nikajiona mtu. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alama zilitolewa kwa jedwali lililotoka Ulaya. Ulitafuta umri wa mwanafunzi upande wa kushoto, ukafuata mstari kwa kidole hadi kwenye muda wake, ukapata alama. Walioliandika walikuwa na watoto wanaojua siku waliyozaliwa. Sisi tulikuwa na watoto waliozaliwa mwaka wa nzige, au mwaka ule barabara ya Kabambare ilipolimwa, na umri wao ulikuwa ule ulioandikwa kwenye karatasi ya ubatizo, basi. Aliyekosa nusu ya alama katika somo lolote, hata hili langu la kuruka na kukimbia, alirudishwa kwao.

Kulikuwa na mvulana kutoka Wamaza, mwembamba, wa kwanza darasani kwa hesabu na Kifaransa. Karatasi yake ilisema ana miaka kumi na sita. Juma moja kabla ya mtihani alinikuta nikilainisha mchanga wa shimo la kurukia, akasimama kando hadi nikamuuliza ana nini.

"Mwalimu, ile karatasi haiko yangu," akasema. "Iko ya kaka yangu, alisha kufa. Baba alinipa ile sababu nilikuwa bado mudogo, shule ingenikatala. Miye nina miaka kumi na tatu."

Nilielewa mara moja. Padri akijua, mtoto atafukuzwa kwa uongo. Mtoto akinyamaza, atapimwa pamoja na wanaume, maana wenzake wa umri ule wa karatasi walikuwa wameanza kuota ndevu. Nikamwambia nitaona. Akanishukuru kana kwamba nimeshaahidi, nami nikarudia mchanga wangu.

Siku ya mtihani alipanda kamba hadi kati, akaruka kwa shida, akapata alama za kuokoteza. Yote yakabaki kwenye mbio, mizunguko minne ya uwanja. Padri alikuwa amekaa mbali, barazani, na kitabu chake cha sala. Mishale ya saa niliiona mimi peke yangu.

Mvulana alimaliza wa mwisho, mdomo wazi, akaanguka kwa magoti mbele yangu. Nikabonyeza. Alikuwa ameuzidi muda wa nusu ya alama kwa sekunde nne. Mtu akipiga chafya na kupangusa pua, sekunde nne zimekwisha. Aliinua macho akanitazama, na nilijua anachoomba. Niliandika namba niliyoiona, tena kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa nikimwaza padri, jinsi atakavyosoma orodha yangu na kukuta kwamba mimi si wa huruma za ovyo.

Aliisoma alasiri ile ile, akasema mimi ni mtu wa uhakika. Siku mbili nzima nilitembea nikiwa na neno hilo kichwani. Siku ya tatu mvulana alikunja mkeka wake akaenda zake. Hakuja kuniaga, na nilifurahi kwamba hakuja.

Mvua zilipoanza, baba yake akafika kwangu kwa miguu kutoka Wamaza, ameshika kuku aliyefungwa miguu. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandalia maneno yangu yote ya jedwali na kanuni. Akaketi. Akaniambia mwanawe sasa anasukuma vigari vya mawe kwenye mgodi wa dhahabu, upande wa Salamabila. Kwa karatasi ile ameandikishwa kama mtu mzima na anafanya kazi ya mtu mzima. Aliyasema hayo bila kulalamika. Kisha akanipa kuku kwa mikono miwili.

"Mutoto alituelezea yote, mwalimu," akasema. "Alisema ulimupunguzia sekunde, uliandika kidogo kuliko saa. Alisema ni miguu yake ndiyo ilishindwa. Sisi hatuwezi kusahau mutu wa vile."

Hadi leo sijui kama mtoto yule aliamini hivyo, au alitaka tu baba yake asinichukie. Mzee sikumwambia ukweli. Nilimshukuru, nikampa chakula na mahali pa kulala. Kesho yake, alipokwisha kuondoka, mke wangu akamchinja yule kuku, nami nikala.